Beji namba 27: uchambuzi wa kisa cha mtoto aliyepungua kwenye hesabu ya ufukweni

Saa 10:00 alasiri, ubao wa ufukweni ulikuwa na beji 47. Majini kulikuwa na vichwa 46. Beji iliyokosa mwenyewe ilikuwa namba 27, ya mvulana wa miaka 11 aliyefaulu mtihani wa kuogelea siku mbili kabla. Dakika tisa baadaye mvulana huyo alipatikana akiwa mkavu, ameketi kwenye benchi la zahanati ya kambi, kikombe cha maji mkononi.

Kisa hiki ni cha mfano. Kambi tunayoizungumzia ni kambi ya kiangazi iliyo kando ya ziwa kaskazini-mashariki mwa Marekani, na hatuitaji kwa jina kwa sababu si moja. Vipande vyake ni vile vinavyojirudia katika kambi za aina hii, tukavipanga kwenye alasiri moja ili kila kosa lionekane mahali pake. Tunakiandika kwa Kiswahili kwa sababu vijana wa Afrika Mashariki huenda kufanya kazi kwenye kambi hizi kwa viza ya J-1 (viza ya Marekani ya programu za mabadilishano), kundi la walezi wa kambi: umri kuanzia miaka 18, muda usiozidi miezi 4. Wengi hujiandaa kwa nyimbo, michezo na moto wa jioni. King'ora cha ufukweni kinapolia, nao huitwa majini kama wenzao, na aliyewahi kusikia utaratibu kwa lugha yake hashiki kichwa.

Tuanze na ufukwe wenyewe. Eneo la kuogelea limegawanywa mara tatu kwa kamba zenye maboya. Sehemu ya kwanza ni ya wasiojua kuogelea, kina chake mita 1 hivi. Ya pili ni ya wanaoanza, maji ya kusimama kichwa kikiwa nje. Ya tatu ni ya waogeleaji, inayofika mita 3.7, na ndani yake kuna jukwaa la mbao linaloelea. Gati la umbo la herufi H linazitenga sehemu hizo. Maji ya maziwa mengi ya huko yana rangi ya chai, kwa sababu ya majani na udongo wa msituni; ukizamisha mkono hadi kiwiko bado unauona, lakini sakafu ya ziwa huioni. Kumbuka hilo, kwa kuwa ndilo linaloamua jinsi ya kutafuta.

Mtoto huingia sehemu anayostahili kwa mtihani. Kambi hii inafuata kipimo cha maskauti wa Marekani. Muogeleaji anaruka kwa miguu kwenye maji yanayomzidi kimo, anaibuka, anaogelea yadi 75 (mita 69) kwa mtindo wenye nguvu, kisha yadi 25 (mita 23) chali bila haraka, yote kwa mfululizo na angalau kona moja, halafu anaelea ametulia. Anayeanza anaruka vivyo hivyo, anaogelea futi 25 (mita 7.6), anageuka na kurudi. Asiyefanya hata hilo anabaki sehemu ya kwanza. Beji ya kila mtoto, kiduara cha karatasi ngumu chenye jina na namba, hupakwa rangi kulingana na matokeo: nyeupe tupu kwa asiyejua, nyekundu kwa anayeanza, nyekundu na buluu kwa muogeleaji.

Akifika langoni, mtoto anatundika beji yake kwenye kulabu moja na beji ya mwenzake. Hakuna anayeingia bila mwenza. Wenza wanaingia pamoja, wanakaa sehemu moja, wanatoka pamoja, na kila mmoja anaondoa beji yake anapotoka. Kila baada ya dakika 10 inapigwa filimbi moja ndefu. Wenza wanashikana mikono na kuinua juu, mwokoaji anahesabu kwa sauti hadi 10, kisha kimya. Jumla ya majini inalinganishwa na jumla ya ubaoni. Ikilingana, filimbi mbili fupi, mchezo unaendelea.

Alasiri hiyo kulikuwa na watoto 47, na waokoaji 5, kwa kipimo cha mwokoaji mmoja kwa watoto 10. Arobaini na saba haigawanyiki kwa mbili. Basi yakaundwa makundi ya wawili 22 na kundi moja la watatu. Kundi la watatu linaruhusiwa, na kila kambi yenye idadi witiri inalo. Beji tatu zikakaa kulabu moja: 26, 27 na 31. Karatasi ya mwokoaji wa gati ikaandikwa "makundi 23".

Hesabu ya saa 9:40 ilikwenda sawa. Saa 9:44 mlezi mmoja alipita kwenye njia ya mitumbwi, upande wa kulia wa ufukwe, akamsikia mvulana wa beji 27 akikohoa kwenye ngazi ya gati. Alijua kwamba mtoto ana pumu. Akamwita, akampa taulo, akampeleka zahanati akavute dawa. Kwa upande wa pumu alifanya jambo jema kabisa, tena upesi. Ila alimtoa kwa njia ya mitumbwi, ambako hakuna mlango wala ubao, na beji ikabaki kwenye kulabu. Mlezi huyo alifika kambini siku mbili baada ya semina ya wafanyakazi kwisha, jambo la kawaida kwa wanaosubiri miadi ya viza ubalozini, na maelezo ya ufukweni alipewa kwa mdomo wakati wa chakula.

Sasa angalia hesabu ya saa 9:50, maana hapa ndipo penye kiini cha kisa. Wenza wawili waliobaki, 26 na 31, walishikana mikono na kuinua. Walionekana kama kundi zima la wawili. Mwokoaji wa gati alihesabu makundi: 23. Karatasi inasema 23. Filimbi mbili fupi. Hakuna aliyedanganya, hakuna aliyelala. Kuhesabu makundi badala ya vichwa kulifanya mtoto mmoja atoweke bila namba yoyote kubadilika. Watoto hao wawili nao hawakusema kitu kwa sababu walimwona mwenzao akiondoka na mtu mzima, na kwa akili ya mtoto wa miaka 10, aliyeondoka na mtu mzima hajapotea.

Saa 9:55 waokoaji walipokezana nafasi, kama ilivyo desturi ili macho yasichoke. Aliyeingia gatini alikuwa na mazoea ya kuhesabu vichwa. Saa 10:00 akapata 46. Mkuu wa ufukwe akahesabu beji: 47. Wakarudia mara moja tu, sekunde 40 hivi. Bado 46. King'ora kikalia kabla ya saa 10:02.

Kurudia mara moja ni sawa. Kurudia mara tatu, kuulizana, kutuma mtu mmoja "akachungulie kibandani kwanza" si sawa, na ndiyo tabia inayoua. Ubongo ukikosa oksijeni huanza kuumia ndani ya dakika 4 hadi 6. Uzoefu unasema mara nyingi mtoto aliyepungua yuko kibandani anakolala, chooni au dukani. Kila mfanyakazi wa ufukweni analijua hilo, na kulijua huko ndiko kunakomfanya asite. Hesabu isiyolingana ina maana moja tu mpaka mtoto aonekane kwa macho: yuko chini ya maji. Maji hutafutwa kwanza, nchi kavu hutafutwa wakati huohuo, na hakuna upande unaousubiri mwingine.

Kilichofuata kilikuwa na mengi mazuri na kasoro mbili. Filimbi tatu ndefu ziliwatoa watoto wote majini, wakakaa kwenye mabenchi ya ufukweni kwa makundi yao, kimya, bila kutumwa vibandani, kwani ukiwatawanya watoto 46 wakati unamtafuta mmoja utakuwa umepoteza 47. Mkuu wa ufukwe aliishika beji mkononi na kusoma kwa sauti kwenye redio: jina, umri, namba ya kibanda, rangi ya beji. Mtu mmoja, na mmoja tu, aliwachukua wenza wawili pembeni, akachutama mpaka macho yao yakalingana, akauliza: "Mara ya mwisho ulimwona wapi? Alikuwa anafanya nini?" Hakuuliza kama amezama. Ukimuuliza mtoto kama mwenzake amezama, atakujibu kwa kilio. Mmoja alisema alimwona kwenye ngazi. Ngazi hiyo ipo juu ya maji ya mita 2, kwa hiyo waokoaji walianzia hapo.

Sehemu ya kwanza kutazamwa ni chini ya gati na chini ya jukwaa linaloelea. Watoto hupenda kujificha katikati ya maboya ya jukwaa, na aliyegonga kichwa huko haonekani kutoka juu. Waokoaji watatu wakavaa miwani ya kuzamia, wakajipanga mstari, umbali wa mkono mmoja kati yao. Kwa ishara moja wanapiga mbizi pamoja hadi sakafuni, wanasogea mbele mapigo matatu, mikono ikipapasa kama anayetafuta sindano kitandani, kisha wanaibuka wima. Wakiibuka wanahesabiana kwanza. Halafu mstari unapangwa upya kwa aliye nyuma kabisa, wanarudi nyuma kidogo, wanazama tena. Kule kurudi nyuma ndiko kunakofanya mizamo miwili iingiliane pasibaki ukanda ambao haujaguswa. Anayeona aibu kurudi nyuma kwa kuwa anahisi anapoteza muda huacha mistari ya sakafu isiyopapaswa.

Kwenye maji ya kina kifupi kazi ni ya kila mfanyakazi, hata asiyejua kuogelea. Watu tisa waliingia wamefungana viwiko, warefu upande wa kina, wafupi upande wa nchi kavu, maji yasizidi kifua cha yeyote. Hatua moja huenda hivi: mguu mmoja umesimama, mwingine unafagia mbele kama upepeo, sakafuni kabisa, bila kuinuliwa, kisha unapiga hatua, kisha mguu mwingine. Kutembea kwa kuinua miguu kama mtu anayevuka tope kunakanyaga juu ya kile unachokitafuta. Mstari unaenda kwa mwendo wa aliye polepole zaidi. Watu tisa hufunika upana wa mita 8 hivi, kwa hiyo eneo la mita 16 linahitaji kwenda na kurudi. Kwa ndugu zetu waliokulia mbali na maji: sema siku ya kwanza kabisa kwamba huogelei. Si aibu, na utapangwa mwisho wa mstari upande wa nchi kavu, mahali ambapo mtu anahitajika kweli. Aliyeficha akasimama upande wa kina anageuka kuwa mtu wa pili wa kuokolewa.

Pembeni ya gati mwokoaji wa tano hakuingia majini. Alikaa na oksijeni na mashine ya kushtua moyo, akiwa tayari. Kwa aliyezama, pumzi ndiyo inayotangulia: pumzi 2 za kwanza, kisha mikandamizo 30 ya kifua kwa pumzi 2, kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika. Nafasi hii mara nyingi husahauliwa; wote hukimbilia majini, mtoto akiletwa hakuna aliye mkavu wala asiyehema.

Sasa kasoro. Ya kwanza: simu ya 911, namba ya dharura ya Marekani, ilipigwa saa 10:06, dakika nne baada ya king'ora, kwa sababu mkurugenzi alitaka "kuwa na uhakika". Tunaona simu hii inafaa kupigwa pamoja na king'ora. Kambi ziko ndani ya misitu, gari la wagonjwa huchukua muda, na mtu mmoja anatakiwa aende barabarani kuelekeza gari kwa sababu njia za kambi zote zinafanana. Ikionekana mtoto yuko salama, simu ya pili ya kusitisha inachukua nusu dakika.

Ya pili: mtafutaji wa nchi kavu alikuwa mmoja kwa sehemu tatu. Alipewa orodha ya kibanda, vyoo, zahanati, kwa mpangilio huo. Kibanda kipo mita 400 kuelekea mlimani. Zahanati ipo upande mwingine, nyuma ya bwalo la chakula. Akakimbia mlimani, akatazama vitanda vyote na chini ya vitanda, akashuka vyooni, akafungua kila mlango, ndipo akaenda zahanati. Saa 10:09. Muuguzi alikuwa amesikia king'ora, na daftari lake lilionyesha mtoto ameingia saa 9:48. Hakuna aliyemwambia kwamba zahanati inapaswa kutangaza redioni majina ya waliomo mara tu king'ora kinapolia. Angetangaza, utafutaji ungekwisha kabla mstari wa maji ya kina kifupi haujamaliza mzunguko wa kwanza.

Mtafutaji alifanya jambo moja ambalo wengi hulikosea: hakusema redioni "nimeambiwa yuko zahanati". Alimwona, akamuuliza jina lake kamili, akalinganisha na alichosikia redioni, akatembea naye hadi gatini. Kambini kuna watoto wenye jina moja, na kwa sikio la mgeni majina ya Kimarekani hufanana: Aidan, Hayden, Jaden. Ndiyo maana beji ina namba. Utafutaji wa majini haukusimama mpaka mkuu wa ufukwe alipomwona mwenye beji 27 amesimama mbele yake, beji ikawekwa kiganjani mwake.

Watu hupenda kumlaumu mlezi aliyemtoa mtoto, na hapo uchambuzi huishia. Tunaona hilo ni kosa. Ufukwe uliokuwa na njia mbili za kutokea na ubao kwenye njia moja ulikuwa unamsubiri mtu yeyote mwenye nia njema. Angekuwa muuguzi, angekuwa mpishi, matokeo ni yale yale. Ubao hauonyeshi nani yuko majini. Unaonyesha nani alipita mlangoni. Mambo hayo mawili yanafanana tu pale ambapo mlango ni mmoja.

Na dakika 10 za hesabu zisimdanganye mtu. Frank Pia, aliyekuwa mwokoaji kwenye ufukwe wa Orchard Beach, New York, alieleza kwamba mtu anayezama huwa hapigi kelele wala kupunga mikono. Mdomo unazama na kuibuka, mikono inasukuma maji kwa pembeni, na hali hiyo hudumu sekunde 20 hadi 60 tu kabla hajazama. Mtoto anaweza kuzama mara nyingi kati ya filimbi moja na inayofuata. Kinachomwokoa ni jicho la mwokoaji linalozunguka eneo lake bila kukoma. Hesabu inakamata kile jicho lilichokosa, tena kwa kuchelewa. Kambi hii, kwa kosa la makundi, iliikosa hata nafasi hiyo kwa dakika 10 nzima. Kama beji 27 ingekuwa ya mtoto aliyezama saa 9:49, mstari wa saa 10:03 ungetafuta mwili.

Jioni ufukwe haukufunguliwa tena, kwani waokoaji waliopiga mbizi kwa dakika saba mfululizo wamechoka, na macho yaliyochoka hayalindi mtu. Mvulana hakugombezwa wala kusimamishwa mbele ya wenzake. Mtoto aliyeaibishwa kwa kwenda kutafuta dawa ya pumu, safari nyingine atakohoa kimyakimya. Wenza wake wawili walikaa na mlezi wanayemzoea mpaka chakula cha jioni; mmoja wao alikuwa anatetemeka, na alihitaji kuambiwa waziwazi kwamba alijibu vizuri na jibu lake lilisaidia. Mkurugenzi aliwapigia wazazi wa watoto wote watatu siku hiyohiyo, kabla habari haijawafikia kwa barua ya mtoto.

Saa 3:30 usiku, watoto wakiwa wamelala, wafanyakazi walikaa bwaloni. Kikao cha namna hii hufanikiwa kikianza na saa, si na majina: nini kilitokea 9:44, nini 9:50, nini 10:06. Kila mmoja anasema alichokiona kutoka alipokuwa amesimama. Mwokoaji kijana kuliko wote, wa miaka 18, alisema kwamba kwenye hesabu ya 9:50 alihisi kundi la watatu linaonekana dogo, lakini mkubwa wake alikuwa ameshapiga filimbi. Hapa tunawasemea hasa vijana waliolelewa kutomkatiza mkubwa: heshima hiyo ni njema, iacheni mlangoni mwa ufukwe. Filimbi ya ufukweni haina cheo. Aliye na shaka anapiga, hata kama mkuu amesimama pembeni yake, na akipatikana amekosea anashukuriwa mbele ya wote, ili wa kesho asiogope.

Mabadiliko yaliyotoka kwenye kikao yalikuwa machache na ya kivitendo. Kundi la watatu linapewa kamba nyekundu ya mkononi, na kwenye hesabu linapaza sauti "watatu!". Kila hesabu ni ya vichwa, na namba inaandikwa kwa kalamu pembeni ya saa. Watu wazima wanaoogelea nao wana beji. Langoni anakaa mtu ambaye si mwokoaji, na hakuna anayepita bila yeye kugusa ubao. King'ora kikilia, wanatoka watafutaji watatu, kila mmoja na sehemu yake, na zahanati inataja majina redioni ndani ya dakika moja. Anayefika baada ya semina haruhusiwi kumgusa mtoto aliye ufukweni mpaka atembezwe pale kwa miguu na kutundika beji yake mwenyewe.

Siku ya tatu walifanya zoezi bila kuwatangazia wafanyakazi: beji moja ya ziada ikatundikwa, mfanyakazi mmoja akajificha kwenye banda la mitumbwi. Mstari wa watu tisa uliingia majini baada ya dakika 2 na sekunde 10. Aliyejificha alipatikana dakika ya nne, amekaa juu ya fungu la makasia, hatua chache kutoka ile njia ya pembeni, ambayo sasa ilikuwa imefungwa kwa kamba ya manjano kutoka mti hadi mti.